Binti Anapoomba Uuguzi Meru au Embu

Bibi Rufaida, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwauguza majeruhi wa Vita vya Khandaq hemani mwake. Uuguzi, basi, si kazi ngeni kwetu.

Mabinti wetu wanaotazama bara watakuta matawi ya KMTC Meru na Embu yakitoa stashahada, na Chuo Kikuu cha Embu kikitoa shahada. Stashahada yataka wastani wa C katika KCSE, shahada, C+. Alama ya Biolojia nayo hutazamwa.

Kabla ya kulipa hata shilingi, tuhakikishe kozi imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Pasipo idhini hiyo, mhitimu hafanyi mtihani wa baraza wala hapati leseni, na miaka yake hupotea. Kisha tuulizie malazi na mavazi ya stara. Tukishayatimiza hayo, tutawakali kwa Mola.