Kweli au Uongo: Mnyama wa Pori Nyumbani Kwako

Upande wa kuku katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, mambo hayana siri: jogoo kafungwa miguu, sungura yumo kwenye katoni, bei ni maelewano. Mazungumzo yakitoka kwa kuku yakaingia kwa kasuku, tumbili au kinyonga, kila mtu ghafla ni mtaalamu. Tuyapime baadhi ya madai.

"Kasuku wa kijivu ni ndege wa Kongo, Kenya haimhusu."

Uongo. Wengi wetu tulimjua kasuku kwanza kwenye jalada la daftari, ndiyo maana tunadhani ni wa mbali. Makazi ya huyu wa kijivu yanaanzia Afrika Magharibi, yanapita Kongo na Uganda, na yanaishia upande huu wetu, katika msitu wa Kakamega, ambao kutoka Kisii unafika kwa matatu siku hiyo hiyo. Siku hizi kumwona huko ni bahati. Hutaga ndani ya mashimo ya miti mikubwa mikongwe, kwa hiyo mti ukiangushwa kwa mbao au makaa hana pa kulelea, na mche uliopandwa jana hautamfaa kwa miaka mingi. Huko anakonaswa kwa wingi, wategaji hupaka matawi ulimbo, wakamweka kasuku mmoja wa kuwaita wenzake. Wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Nchini Ghana watafiti walikuta wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2016, mkutano wa mkataba wa CITES mjini Johannesburg ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale waliotolewa porini.

"Akiongea, ujue ana raha."

Si lazima. Porini kasuku hulala kwa makundi makubwa, na kuiga sauti ni sehemu ya kuishi na wenzake. Aliye peke yake kizimbani anakuongelesha wewe kwa sababu hana mwingine. Akianza kujinyonyoa manyoya ya kifua, mara nyingi ni upweke au ugonjwa. Tena anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Katika mabishano ya urithi hapa Gusii nimesikia yakitajwa mashamba, ng'ombe na majani chai. Kasuku bado, lakini akiwepo atahitaji mrithi.

"Nilimwokota akiwa mchanga, nikamlea, basi ni wangu."

Uongo, na huu ndio unaowaponza watu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa, hata ukimnywesha maziwa kwa chupa. Mtoto wa tumbili aliyeachwa na mamaye apelekwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Akibalehe ataanza kung'ata, na atakayeng'atwa huenda akawa mtoto wa jirani.

"Sheria ni ya ndovu na faru. Mdudu hana mwenyewe."

Waulize vijana wawili wa Ubelgiji, wenye miaka 19, waliokamatwa Naivasha mwezi Aprili 2025. Chumbani mwao hamkuwa na pembe wala ngozi. Mlikuwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, wakiwa ndani ya vibomba vyenye pamba ili waendelee kuwa hai safarini. Mwezi Mei mahakama iliwapa chaguo: faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au mwaka mmoja gerezani.

Ulaya na Asia kuna watu wanaofuga sisimizi ndani ya vioo ili wawatazame wakichimba vijia. Wanaotafutwa sana Kenya ni wale wakubwa wekundu wanaovuna mbegu za nyasi. Mvua ikinyesha, malkia wenye mbawa hutoka, hupandwa, hudondosha mbawa na kila mmoja huchimba shimo lake. Ukimzoa hapo juu ya ardhi, umezoa koloni zima ambalo bado halijazaliwa. Sisimizi hao hubeba mbegu, nyingine huanguka njiani zikaota, na kuchimba kwao hupitisha hewa na maji udongoni. Anayefaidi nyasi hizo ni ng'ombe na pundamilia pia.

"Kinyonga ana sumu."

Hana. Hofu yetu, kwa kweli, imemsaidia: anayeogopwa hatiwi mfukoni. Wageni hawakuwa na hofu hiyo. Kinyonga wa pembe tatu kutoka nyanda za juu za Kenya alisafirishwa kwa wingi akauzwe Marekani. Mnamo 1972 mwenye duka la wanyama huko Hawaii alipokea dazeni kadhaa waliofika wamekonda, akawaachilia bustanini mwake wapate nafuu. Walipata nafuu kupita kiasi. Leo wamesambaa katika visiwa hivyo, ambako wanakula konokono na wadudu wasiopatikana kwingine duniani.

"Nikichoka naye, nitafungua kizimba arudi porini."

Uongo, na kisa hicho cha Hawaii ni sababu mojawapo. Pori si moja. Kasuku aliyefunguliwa kizimba juu ya vilima vya Kisii atakuta mikaratusi na migomba, wala si msitu wake, na aliyekulia kizimbani hajui kutafuta tunda wala kumkwepa mwewe. Anaweza pia kuwapelekea ndege wengine ugonjwa. Kuwarudisha kunawezekana, ila ni kazi ya wenye ujuzi: mwaka 2013 kasuku wa kijivu waliokamatwa Bulgaria wakivushwa kwa magendo waliachiliwa katika kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria upande wa Uganda, baada ya kutunzwa kwa muda mrefu.