Karanga Zisizoonekana
Huku Bulyanhulu, kama kwingi Usukumani, nsansa, yaani majani makavu ya kunde, huungwa kwa karanga zilizotwangwa. Ni chakula kizuri. Lakini wako watu wachache ambao miili yao huzikataa karanga kana kwamba ni sumu: midomo huvimba, ngozi huwasha, hata pumzi huziba. Kuzipika hakuondoi hatari. Mtu wa namna hiyo akiuliza, “Mna karanga humu?” msimcheke, hachagui chakula. Tena kinu kilichotwangiwa karanga kikitwangiwa mtama bila kuoshwa, unga ule nao waweza kumdhuru. Akibanwa na pumzi, msingoje kupambazuke: mpelekeni hospitali upesi, apigwe sindano ya adrenalini, maana ndiyo ifunguayo njia ya pumzi.