Dawa Inayotembea Chini ya Mwembe

Sogeeni, watoto wa Kibombo, na nyinyi mliokuja likizo kutoka Kindu msikae nyuma. Kitendawili: mtu amepulizia dawa ya magugu shambani kwake, kwenye mahindi. Upepo ulikuwa umetulia, na mwembe wa jirani uko mbali. Wiki chache baadaye, mwembe unageuka njano. Nani kaupelekea dawa?

Mvua. Mvua yetu ya Maniema mnaijua, haidondoki, inamwagika. Maji yanapozama ardhini hayaendi mikono mitupu, hubeba kila kinachokubali kubebwa.

Sasa, dawa zina tabia zao. Glaifosati hung'ang'ania udongo, hasa mwekundu wenye chuma, kama kupe sikioni mwa mbwa. Haizami mbali, ila mafuriko yakikokota udongo wenyewe, nayo husafiri humo. Atrazini, ile ya mahindi, hushika udongo kwa ncha za vidole tu; maji yakipita, inayafuata. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2004 kwa sababu ilikuwa ikikutwa kwenye maji ya chini ya ardhi. Imazapiri ndiyo ninayoiogopa zaidi: hukaa muda mrefu, hutembea, na huua hata miti mikubwa.

Udongo nao una neno lake. Mchanga ni kama chekecheo, hauzuii kitu. Mfinyanzi na mboji ndivyo vinavyokamata dawa njiani, lakini shamba linalochomwa moto kila mwaka mboji itatoka wapi?

Na msidhani mizizi ya mwembe huishia kivuli kinapoishia. Hupita mbali zaidi, ikanywa shambani kwa jirani bila kupiga hodi. Maji hupanda shinani mpaka kwenye jani, pale hupaa hewani, dawa ikabaki. Leo kidogo, kesho kidogo. Chukua jani la mti uliokunywa atrazini, uliweke kiganjani: njano inaanzia kingoni na kujaza nafasi kati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikiwa bado ya kijani, kama Lualaba na vijito vyake kwenye ramani. Kisha kingo hukauka zikawa kahawia.

Marakuja hawezi kusubiri hivyo. Mizizi yake mingi iko juu juu, kwa hiyo kipimo chake hukipata mapema. Mzabibu, ule unaolimwa Dodoma kule Tanzania, ni mwororo vilevile: dawa ya magugu iitwayo 2,4-D, hata kidogo tu, jani linajikunja kama kipepeo cha mkaa. Ila hiyo mara nyingi huletwa na upepo, si udongo.

Lakini msimlaumu jirani upesi. Njaa ya mbolea na maji yaliyotuama pia huleta njano. Pimeni kwanza. Toboeni mikebe miwili chini, mmoja mjaze udongo wa karibu na mwembe, mwingine udongo wa mahali ambapo hapajawahi kupuliziwa dawa. Pandeni maharagwe matano kila mkebe, maji sawa, jua sawa. Mwanzoni yote yanaweza kuota vizuri, maana mbegu ina akiba yake. Subirini wiki ya pili na ya tatu, akiba imekwisha, mlinganishe majani.

Mkimaliza, osheni mikono. Na hayo maharagwe, hata yakipendeza, msiyale.