Namba ya kiatu si kipimo cha mguu wako

Mzee mmoja wa miaka 58, mlinzi wa usiku katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, alifika katika kliniki yangu hapa Kitengela akichechemea kidogo. "Daktari, mimi sina maumivu yoyote," akaniambia. "Ni mama watoto aliyenilazimisha nije. Anasema soksi yangu inanuka." Nilipomvua kiatu, nilikuta soksi imegandamana na kidole kidogo cha mguu wa kulia. Chini yake palikuwa na kidonda kilichokwisha kugeuka cheusi.

Kiatu chenyewe kilikuwa cha kupendeza. Zilikuwa raba za mtindo wa zamani, zile walizovaa wachezaji wa mpira wa vikapu katika miaka ya themanini na ambazo vijana wamezirudia kwa kishindo. Mwanawe alikuwa amemnunulia kwenye mitumba. "Nilimwambia navaa namba 8, kama siku zote," mzee akaeleza. Nilitazama lebo. Ilikuwa 8 kweli, lakini 8 ya Marekani. Yeye siku zote alivaa 8 ya Uingereza.

Mzee huyo alikuwa na kisukari kwa miaka 12, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Kiatu kilimfinya kwa majuma matatu bila yeye kujua. Hospitalini kidole kile kilikatwa. Tulishukuru kwamba mguu ulisalia.

Kisa hiki kinanikumbusha kila mara kwamba kuchagua kiatu ni jambo la afya, si la urembo pekee. Wengi wetu hununua kwa namba tuliyoizoea tangu ujana. Lakini namba iliyoandikwa kiatuni inaeleza kiatu kilivyotengenezwa. Haielezi mguu wako ulivyo leo.

Namba moja, urefu tofauti

Viatu vinavyofika masoko yetu hutoka pande nyingi za dunia, na kila upande una kipimo chake. Katika kipimo cha Uingereza, hatua moja ya namba ni theluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita 8.5. Asili yake ni urefu wa punje ya shayiri. Katika kipimo cha Ulaya, hatua moja ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Wamarekani hutumia hatua sawa na ya Waingereza, lakini huanza kuhesabu mahali tofauti, na tena wana hesabu moja ya wanaume na nyingine ya wanawake.

Kwa hiyo mwanamume anayevaa 8 ya Uingereza huhitaji takriban 9 ya Marekani, au 42 ya Ulaya. Akichukua 8 ya Marekani, amepungukiwa namba nzima. Na ukikuta raba iliyoandikwa 9 bila maelezo zaidi, jihadhari. Kati ya 9 ya Uingereza na 9 ya wanawake wa Marekani, tofauti inaweza kukaribia sentimita 2.

Kuna njia rahisi ya kuepuka mkanganyiko huu. Raba nyingi za michezo huwa na lebo ndogo ndani ya ulimi wa kiatu. Tafuta kipimo kilichoandikwa CM au JP. Hicho ni urefu wa mguu ambao kiatu kilikusudiwa, kwa sentimita au milimita. Ukisoma 26.5 au 265, maana yake ni mguu wa sentimita 26 na nusu.

Raba za zamani zina tabia zake

Raba za kisasa za kukimbilia huwa na kitambaa kinachonyumbuka na povu nene chini ya unyayo. Zile za mtindo wa zamani si hivyo. Raba ya turubai ya Converse, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1917, ina soli bapa na nyembamba. Puma Suede ya mwaka wa 1968 ni ya ngozi na umbo lake ni jembamba. Air Jordan ya kwanza, ya mwaka wa 1985, ni ya ngozi ngumu inayopanda hadi kifundoni. Viatu vya aina hii havisamehi kosa la kipimo upesi kama raba laini.

Hata namba zenyewe hazilingani. Ile ya Converse huwa kubwa kwa karibu nusu namba kuliko ilivyoandikwa, ilhali nyingine nyembamba hukulazimu kupanda nusu namba ili vidole vipate nafasi. Usiridhike kwamba mwenzako anavaa namba hiyo hiyo.

Jambo jingine ni umri wa kiatu. Baadhi ya raba zina povu la poliyurethani katikati ya soli. Likikaa miaka mingi, unyevunyevu wa hewa hulila polepole hata kama kiatu hakijavaliwa. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikimeguka au ikibaki na shimo, kiiache, hata kama sehemu ya juu inang'aa.

Namna ya kupima mguu

Pima jioni. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, hasa kwa watu wanaosimama kutwa nzima kama wafanyakazi wa viwandani na wauzaji wa sokoni. Kiatu kilichokutosha asubuhi huenda kikakubana saa kumi na moja jioni.

Vaa soksi utakazotumia. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito ukiwa juu ya miguu yote miwili. Mwombe mtu achore mzunguko wa kila mguu, kalamu ikiwa wima. Pima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu zaidi. Kwa watu wengi ni kidole gumba, lakini wapo ambao kidole cha pili ndicho kirefu. Pima pia sehemu pana zaidi, pale vidole vinapoanzia. Miguu ya watu wengi hailingani, hivyo chagua kiatu kwa kufuata ule mkubwa.

Rudia kipimo hiki mara kwa mara. Mguu wa mtu mzima hubadilika. Uzee huutandaza, uzito huupanua, na wanawake wengi huona miguu yao imeongezeka baada ya uja uzito.

Ukifika sokoni

Tatizo la mitumba ni kwamba jozi huwa moja tu. Ukiipenda na ikawa ndogo, muuzaji atakuambia, "Mama, itapanuka hiyo," nawe utaamini kwa sababu unataka kuamini. Ngozi hupanuka kidogo kwa upana, lakini hairefuki. Mguu ndio utakaojikunja, nao hulipiza kwa malengelenge, sugu, kucha zinazoingia nyamani na vidole vilivyopinda.

Kata ile michoro yako, nenda nayo. Iingize karatasi kiatuni. Ikikunjamana pembeni au mbele, kiatu hakikufai. Kisha vaa viatu vyote viwili, funga kamba, usimame. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya sentimita moja hivi. Vidole viweze kuchezacheza. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea. Tembea hatua ishirini au thelathini, si mbili.

Kiatu kikubwa mno nacho kina madhara. Mguu huteleza ndani, ngozi huchubuka, na mtu huweza kujikwaa. Wazazi wengi huwanunulia watoto viatu vikubwa "ili wavikulie", kisha hujaza karatasi mbele. Nafasi ya sentimita moja yatosha. Kagua viatu vya mtoto kila baada ya miezi mitatu au minne.

Kumbuka pia kwamba viatu vilivyovaliwa na mwingine huweza kubeba ukungu wa ngozi. Vioshe kwa sabuni, navyo vikauke kabisa kabla ya kuvaa.

Wenye kisukari

Kwenu nyinyi nasema kwa mkazo. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu na kupunguza mtiririko wa damu. Kwa hivyo usikitegemee kiatu kikuambie kinabana, kwani huenda usihisi lolote. Na ukichubuka, kidonda hupona kwa shida na huingia viini kwa urahisi.

Tegemea karatasi, rula na macho. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono kiatuni utafute mawe, misumari au mshono uliochomoza. Kiatu kipya kivaliwe saa moja au mbili kwa siku mwanzoni, kisha uvue na kukagua ngozi. Kila usiku tazama nyayo na katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, tumia kioo au mwombe mtu wa nyumbani. Ukiona wekundu usiopotea, lengelenge, kidonda au weusi, fika kwa daktari siku hiyo hiyo. Usilitoboe wala kulipaka dawa za kienyeji. Na mwombe daktari akupime kama miguu ingali na hisia.

Hapa Kajiado tuna mafundi wa akala, ambao huuweka mguu wa mnunuzi juu ya tairi kabla ya kukata. Siwashauri wenye ganzi kuvaa akala, kwa sababu miiba na mawe yatawadhuru bila wao kujua. Lakini desturi ya fundi huyo ni sahihi: mguu kwanza, kiatu baadaye.

Mzee wangu bado hulinda lango lake kila usiku. Siku hizi huvaa raba pana za bei ya chini, na karatasi ya mguu wake ameikunja ndani ya pochi, karibu na kitambulisho.