Bastola Ndogo na Teke Lake (Sehemu ya Pili)

Siku ya soko pale Daraja Mbili mjini Kisii, hupiti bila kusuguana mabega na wenzako. Ndizi na mboga zimemwagwa hadi ukingoni mwa barabara, mikokoteni inapenya, bodaboda zinapiga honi. Humo huenda yumo mfanyabiashara aliyepewa leseni na Bodi ya Leseni za Silaha, amebeba mauzo yake na bastola ndogo chini ya koti. Aliichagua kwa kuwa ni nyepesi na haionekani. Juma lililopita tuliangalia sheria inamtaka nini. Leo tuangalie mkono wake, maana mahali kama hapo risasi ikikosa shabaha itampata mtu.

Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 7.5 hivi, na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 360 kwa sekunde. Nguvu inayoirusha mbele huisukuma bastola nyuma vilevile, ndiyo kanuni aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687. Ceska ya chuma waliyoizoea polisi wetu, ya takriban kilo moja, hurudi kwa kasi ya mita 2.7 kwa sekunde. Bastola ya nusu kilo ikipiga risasi hiyohiyo hurudi kwa mita 5.4, na nishati inayoupiga mkono huwa maradufu. Isitoshe, mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho hakipati pa kushika.

Hata hivyo, si teke linaloharibu shabaha ya kwanza. Risasi hukaa mtutuni kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Bastola inapoinuka, risasi imeshakwenda. Kinachoharibu ni woga. Mkono uliokwisha kuonja teke hujikaza na kuinamisha mdomo wa bastola kabla baruti haijawaka, risasi ikatua chini. Mwanafunzi hukana kabisa kwamba anafanya hivyo. Mkufunzi mzuri habishani naye: humchanganyia risasi bandia katika magazini bila kumwambia ipo wapi. Zamu ya hiyo bandia ikifika, panasikika mlio mkavu tu, hakuna mlipuko, na mdomo wa bastola unadidimia mbele ya macho yake mwenyewe. Sijui funzo lingine linaloingia upesi kama hilo.

Tiba ya woga huo ni mshiko. Mkono upande juu kabisa ya mpini, bila kufika njia ya sehemu inayoteleza, kwani kadiri unavyoukaribia mtutu ndivyo mdomo unavyoinuka kidogo. Mkono wa pili uzibe nafasi iliyobaki na ubane kuliko wa kwanza. Kifundo kikilegea, bastola nyepesi hushindwa kutema ganda na kukwama. Kifua kiinamie mbele kidogo, kisha kifyatuo kivutwe polepole, moja kwa moja nyuma.

Uvutaji huo unaweza kuzoewa nyumbani kwa bastola tupu, baada ya kukagua chemba mara mbili na kuziacha risasi chumba kingine. Uwanjani, anza na bastola nzito, halafu ushuke. Kwa ile ndogo piga chache kwa siku; kiganja kikianza kuuma, funga kazi, kwa sababu kuanzia hapo utakuwa unajifundisha woga.

Juma lijalo: kuihifadhi bastola katika nyumba yenye watoto.