Mononoke: Umbo, Kisa na Kinyongo katika Hadithi ya Kwanza ya Mfululizo wa Kijapani

Miongoni mwa fani zilizotoka Japani na kuenea duniani ni anime, yaani filamu za michoro. Ni rahisi kuzidhania kuwa ni burudani ya watoto tu. Hata hivyo, baadhi yake hujenga masimulizi mazito juu ya mauti, dhambi na viumbe visivyoonekana, na kwa hivyo humpa mwanafunzi wa lugha na fasihi mambo mengi ya kuchunguza. Makala haya yanatazama mfululizo mmoja wa aina hiyo, uitwao Mononoke, na hasa hadithi yake ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo mtazamaji anapofundishwa namna ya kuusoma mfululizo mzima. Aidha, yanajadili tatizo la kulifasiri jina lenyewe kwa Kiswahili.

Mononoke ulitengenezwa na Toei Animation chini ya uongozi wa Kenji Nakamura, ukaonyeshwa katika Fuji Television mwaka 2007. Una sehemu 12 zilizogawanywa katika hadithi tano. Haufai kuchanganywa na filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1997 yenye neno hilohilo katika jina lake. Asili yake ni hadithi ya mwisho ya mfululizo mwingine, Ayakashi, wa mwaka 2006, ambamo Muuza Dawa alijitokeza kwa mara ya kwanza. Mtu huyu hana jina wala nasaba. Huingia palipo na msiba, akiwa na sanduku la dawa mgongoni na upanga usiokubali kuchomolewa ovyo.

Hadithi ya kwanza ina sehemu mbili. Shino, mwanamke mjamzito anayewindwa ili auawe pamoja na mimba yake, anaomba hifadhi usiku katika nyumba ya wageni. Baada ya kusita, wenyeji wanampa chumba kisichotumiwa. Humo wanatokea watoto wa ajabu. Taratibu inafichuka kwamba zamani nyumba ile ilikuwa danguro, na wanawake waliofanya kazi humo walilazimishwa kutoa mimba zao. Watoto wale ni roho za waliokataliwa kuzaliwa, nao wanamtafuta mama.

Jambo la kwanza linalomshangaza mtazamaji ni kwamba masimulizi haya ya kutisha hayategemei giza. Michoro yake imejaa rangi kali na nakshi zinazokumbusha picha za kale za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, na juu yake umetandazwa mkwaruzo kama wa karatasi. Hofu inazaliwa katika wingi wa mapambo: jicho hupotea miongoni mwa nakshi, lisijue kilicho hai na kisicho hai. Milango ya kuteleza hufunguka na kufungika, nayo hutumika kama alama za kituo katika sentensi, ikitenga tukio na tukio.

Jambo la pili ni sharti la upanga. Muuza Dawa hawezi kuuchomoa mpaka ayajue mambo matatu: katachi, makoto na kotowari. Kila moja linapobainika, kichwa kilichochongwa kwenye mpini hugonganisha meno. Katachi ni umbo la kiumbe pamoja na jina lake. Makoto kwa maana ya kawaida ni ukweli, lakini katika masimulizi haya ni yale yaliyotendeka. Basi neno “kisa” linatosha zaidi. Kotowari ndilo gumu. Kwa Kijapani lina maana ya sababu au kanuni ya mambo, ila hapa linaelekea kwenye yale yaliyobaki moyoni mwa aliyetendewa. “Sababu” inaihifadhi mantiki lakini inapoteza uchungu. “Kinyongo” linahifadhi uchungu lakini linapoteza mantiki. Mfasiri hana budi kuchagua, na chaguo lake litaamua kama Muuza Dawa ataonekana kuwa hakimu au mganga.

Sharti hili linageuza mwendo wa hadithi. Badala ya kuuliza jinsi zimwi litakavyouawa, mtazamaji anauliza nani alitenda nini. Mwenye nyumba aliyeonekana kuwa mkarimu anageuka kuwa mshtakiwa. Katika simulizi za kaskazini-mashariki mwa Japani, kama zile zilizomo katika kitabu cha Yanagita Kunio cha mwaka 1910, Tōno Monogatari, zashiki-warashi ni roho ya mtoto ikaayo nyumbani na kuleta neema. Mfululizo huu umeipindua imani hiyo: neema ya nyumba imejengwa juu ya watoto waliotupwa.

Neno mononoke lenyewe ni la kale. Katika Genji Monogatari, kazi ya Murasaki Shikibu ya mwanzoni mwa karne ya 11, roho ya Bibi Rokujō, ambaye bado yu hai, inamtesa Aoi akiwa mjamzito, naye anafariki baada ya kujifungua. Kwa hiyo mononoke aghalabu huhusiana na maradhi na chuki ya binadamu. Katika Kiswahili, “shetani” na “jini” huleta itikadi nyingine kabisa. “Zimwi” ni la ngano, na huliwa hofu kwa ukubwa na ulafi wake. “Mzimu” hufungamana na wafu. “Pepo” linakaribia zaidi, kwa sababu katika uganga wa pwani pepo huleta maradhi na huulizwa jina lake na haja yake. Lakini pepo si lazima azaliwe na dhuluma ya mtu. Yafaa basi neno la Kijapani lihifadhiwe na kuelezwa mara moja, kisha lipewe upatanisho wa viumbe hai: mononoke huyu, mononoke hawa. Upatanisho huo wenyewe ni tafsiri, kwani unakiri kwamba anayezungumziwa aliwahi kuwa na haki ya kusikilizwa.

Hadithi hii haikosi udhaifu. Mazungumzo yake ni ya mkato, na mtazamaji mgeni huweza kuachwa nyuma. Isitoshe, mzigo wa kuwatuliza watoto unawekwa juu ya Shino, ambaye hakuwakosea lolote, ilhali waliofaidika wanaadhibiwa kwa hofu tu. Pamoja na hayo, wazo lake kuu linasimama imara: kiovu hakiondolewi kwa nguvu kabla ya kutajwa jina, kuelezwa kisa na kusikilizwa kinyongo chake. Upanga ni wa mwisho. Lugha ndiyo inayotangulia.