Kuzuru Jumba la Makumbusho: Faida Yake Hupimwaje?

Walimu wengi huwapeleka wanafunzi Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, wapate kulitazama Jumba la Makumbusho la Wasukuma, lililoanzishwa na Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Warudipo huwauliza, “Mmeona nini?” Nao hutaja ngoma za watemi, viti vya enzi, vyombo vya wahunzi, na vifaa vya wachezaji wa Bagika na Bagalu. Mwalimu huridhika. Lakini orodha si maarifa. Karani wa ghala naye aweza kuvitaja vitu vyote asijue maana ya hata kimoja.

Basi, tupime kwa nini? Yanionekea kuwa ziara hupata maana pale kitu kinachotazamwa kinapokutana na jambo ambalo mtazamaji amekuja nalo moyoni. Tutwae ngoma ya mtemi. Utawala wa watemi uliondolewa mwaka 1963, na kijana wa leo hakuuona. Kwake ngoma ile ni gogo na ngozi tu. Lakini akiambiwa kwamba wazee hulihusisha neno ntemi na kutema, yaani kukata, mara atauliza: Alikata nini, pori au mashauri? Hapo ngoma imeanza kusema naye.

Vivyo hivyo habari ya kuhesabu. Huko Bujora huonyeshwa jinsi kila rika lilivyokuwa na maneno yake ya kuhesabia moja hata kumi, ili wenyewe wafahamiane na wengine wasitambue. Mtoto wa Kisukuma hulinganisha na hesabu ya nyumbani kwao, akastaajabu. Mgeni asiyejua Kisukuma hupita tu, isipokuwa amekumbushwa kwamba vijana wa kwao pia hubuni maneno ya siri.

Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi aandike swali moja kabla ya safari. Kisha, si siku ile ile bali baada ya juma moja, aulizwe mambo matatu: Swali lako limejibiwaje? Umemsimulia nani? Umepata swali gani jipya? Aliyesimulia nyumbani, babu au bibi akamsahihisha, huyo amefaidi kweli kweli, hata kama majina ya vitu kumi yamempotea.

Wala tusikawie. Vitu vyaweza kuhifadhiwa miaka mingi, bali wazee wawezao kuvieleza wanapungua kila mwaka.